BINTI WA HOLA NA SIKU ISHIRINI ZA LONDON

Juma lililopita nilikuwa Hola kwa arusi ya jamaa yangu, na kama ilivyo desturi ya arusi zetu, jambo nililoliendea lilikwisha upesi, na lile nisiloliendea likanizuia siku mbili zaidi. Siku ya pili baada ya karamu, tulipokwisha kusali Alasiri, mwenyeji wangu alitandika mkeka chini ya mwembe, akaagiza kahawa, kisha akanyamaza. Msomaji, mtu wa kwetu akikupa kahawa asiseme neno, ujue kuna shauri linakuja.

"Kaka," akasema mwishowe, "wewe umepata kuwapeleka watoto wa watu ng'ambo. Nambie kweli. Siku ishirini zinamfunza mtu nini?"

Alikuwa akimsema binti yake wa pili. Binti huyo yuko mwaka wa tatu katika chuo kimoja cha Nairobi, anasomea uchoraji wa nakshi za nguo. Darasa lao limetangaziwa safari ya siku ishirini kwenda London, wanafunzi kumi na wanne na walimu wawili, kuzuru majumba ya makumbusho na vyuo vya sanaa. Nauli, malazi na viza, kila mmoja atoe shilingi laki tatu na nusu, na nusu ya fedha hizo itolewe kabla ya mwisho wa mwezi. Mwenyeji wangu ana miembe ya ngowe na boribo ambayo mavuno yake yamekwisha kuuzwa na kuliwa, na ana mbuzi. Zaidi ya hapo ana deni dukani, kama sisi sote.

"Siku hizi kila kitu kimo ndani ya simu," akaongeza. "Makumbusho yote yamo. Sasa niuze mbuzi ili akatazame kitu anachokitazama kila usiku bure?"

Sikumjibu papo hapo. Swali lilikuwa la haki, na mimi nina aibu yangu katika jambo hili, nayo nitaieleza.

Kwanza niseme neno juu ya Hola kwa wale wasiofika. Ndiyo makao makuu ya Kaunti ya Tana River, mji wa joto na vumbi karibu na mto, wakaao Wapokomo, Waorma, Wamunyoyaya, Wawardei na wafanya biashara wa kila namna. Wengi wetu tulilisikia jina lake kwa msiba wa tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa kambi ya wakoloni walipopigwa wakafa, na serikali ya siku hizo ikadai kwanza kuwa ni maji waliyokunywa yaliyowaua. Julai ya mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilijadili habari za Hola hadi usiku wa manane. Kwa hiyo jina la Hola lilifika London zamani, kabla ya mtoto yeyote wa Hola kuota kwenda kusoma huko. Tena hapa palikuwa na mashamba makubwa ya pamba yaliyonyweshwa maji ya mto, hadi mwaka 1989 mto ulipohama njia yake na mashamba yakafa kiu. Babu wa binti huyu alilima pamba hiyo. Hakupata kuona hata siku moja jinsi pamba inavyogeuka kuwa leso.

AIBU YANGU

Mwaka 2011 nilikuwa nikifundisha uchoraji katika chuo kimoja cha Mombasa, na nikaambiwa nifuatane na vijana wanane kwenda London kwa siku kumi na nane. Nilifurahi kupita wao. Sikupanga lolote. Niliamini kuwa kufika tu kunatosha, kana kwamba elimu imo katika hewa ya mahali. Basi juma zima la kwanza tulikwenda mbio. Asubuhi jumba hili, mchana jumba lile, jioni picha kando ya mto Thames na mabasi mekundu. Vijana walichoka miguu, wakaanza kuuliza habari za maduka. Wawili kati yao, nasema kweli, walirudi nyumbani na sanduku la viatu na si zaidi. Wazazi wao walikuwa wameuza mali. Nikikutana nao njiani Mombasa mpaka leo, mimi ndiye ninayeanza kutazama chini.

Kilichotuokoa ni uchovu. Siku ya nane niliwaambia, leo hatuendi mbio, tunakwenda jumba moja, na kila mmoja atachagua kitu kimoja, akae nacho siku tatu akikichora. Tukaingia Makumbusho ya Victoria na Albert. Jumba hilo lilianzishwa mwaka 1852 kwa shabaha hiyohiyo, ili wachoraji na mafundi wa viwandani wapate kujifunza kwa kutazama kazi nzuri.

Humo mna zulia la Ardabil. Lilifumwa Iran, na juu yake pamefumwa tarehe, mwaka 946 wa Hijra, ambao ni 1539 hadi 1540 Miladi. Urefu wake unapita mita kumi, upana mita tano na zaidi. Makumbusho yalilinunua mwaka 1893, na tangu 2006 limelazwa chini ndani ya chumba cha kioo, katikati ya ukumbi wa sanaa za nchi za Kiislamu. Ili rangi zisififie, taa zake huwashwa kwa dakika kumi tu kila nusu saa. Basi ukifika wakati mbaya unasimama gizani mbele ya kitu kikubwa usichokiona sawasawa, unangoja. Mimi sijapata kuona somo zuri kuliko kule kungoja. Vijana waliokuwa na haraka ya maduka walinyamaza wenyewe.

Katikati ya zulia pana duara kubwa lenye ncha kama jua, na kutoka kwake zimening'inia kandili mbili, moja huku na moja kule. Kijana mmoja, mtoto wa mchonga milango wa Lamu, alikuwa amelichora zulia hilo Mombasa kutoka kitabuni, na kandili zake alizifanya sawa. Taa zilipowaka akaanza kupima kwa penseli, jicho moja amelifumba. Akanijia. "Mwalimu, hazilingani. Moja ni ndogo." Nikatazama, na kweli moja ilikuwa ndogo. Miaka yote nilikuwa nikiionyesha picha ile darasani nami sikuona.

Taa zikazimwa. Zilipowaka tena alikuwa amekwenda kuchutama upande wa ile kandili ndogo, uso karibu na kioo. Akaniita nami nichutame. Ukikaa hapo, kandili iliyo karibu ni ndogo na iliyo mbali ni kubwa, na umbali unazisawazisha, machoni zikawa kama pacha. Wataalamu wanabishana. Wengine wanasema fundi alikusudia hivyo kwa ajili ya mtu aketiye upande mmoja. Wengine wanasema aliacha kasoro kwa makusudi, kwa kuwa ukamilifu ni wa Mwenyezi Mungu peke yake. Mimi simo katika ubishi huo. Ninalojua ni kuwa katika simu, picha ni ndefu kama kidole, na jambo hilo halimo humo. Limo katika mwili wako na mahali ulipokaa.

Kijana yule leo anachonga milango. Maua ya kizingiti cha juu huyachora makubwa kidogo kuliko ya miimo, kwa sababu mtu huyatazama kutoka chini, tena katika vichochoro vya Lamu ambapo huwezi kurudi nyuma hatua tano. Nilimuuliza alikopata hayo. Akacheka, akasema, "Si tulichutama wote?"

Hayo niliyasimulia chini ya mwembe. Mwenyeji wangu alisikiliza, kisha akasema kwa upole, "Basi mmoja katika wanane." Nikasema watatu, labda wanne. Hesabu yake ilikuwa karibu na kweli kuliko nilivyopenda.

KWENDA KWA WENYE KAZI

Nikampa mfano mwingine, kwa maana mfano wangu mwenyewe ulikuwa na doa. Mfinyanzi Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Mwaka 1971 alikwenda Uingereza kusomea uchoraji wa matangazo, na huko udongo ukamvuta. Walakini mikono yake haikufunguliwa na madarasa ya Uingereza peke yake. Kati ya 1974 na 1975 alifunga safari akenda Abuja, Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew, na hapo akaketi na wanawake waliojua kuinua chungu kwa mikono mitupu, bila gurudumu. Mmoja wao ni Ladi Kwali, ambaye picha yake iko nyuma ya noti ya naira 20. Baadaye alikwenda pia San Ildefonso, katika jimbo la New Mexico, Marekani, kuona wenyeji wa huko wanavyong'arisha vyungu na kuvichoma viwe vyeusi. Vyungu vya Odundo, vyekundu na vyeusi, leo vimo katika majumba makubwa ya dunia, na mwaka 2020 Waingereza walimpa cheo cha Dame.

Tazama jinsi njia yake ilivyokwenda. Miaka mingi ya darasa ilikuwa Uingereza, na safari fupi zilikuwa za kwenda kwa wenye kazi, na wenye kazi hawakuwa Wazungu. Mara nyingi tunaposema ng'ambo tunaelekeza kidole upande mmoja tu. Kama shauri lingekuwa langu, binti wa msuka mikeka ningempeleka Oman, ambako makuti ya mtende husukwa ukanda kwa ukanda kisha kanda hizo zikashonwa, sawa na sisi tunavyosuka ukili. Lakini chuo kimekata tikiti za London, na London nako kuna yake.

Tena si jambo geni kwetu kazi za nakshi kuvuka bahari. Leso zetu, tangu siku za kina Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyeanza biashara yake mwaka 1887 na ambaye leso zake zilijulikana kwa jina la Mali ya Abdulla, zilipigwa chapa India, Uingereza na Japani miaka na miaka. Michoro na maneno yalikwenda, nguo zikarudi. Mchoraji ndiye hakwenda. Alikaa Mombasa akingoja meli imletee rangi isiyokuwa ile aliyoitaka, asijue kosa lilitokea kwenye chungu gani.

NANI AKAONE NGOMA

Hapo mzee mmoja wa jirani, aliyekuwa ameketi nasi akitafuna tambuu muda wote, akauliza kama huko London mtoto ataiona ngoma.

Ngoma aliyoitaja ni Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo, mti mkubwa uliochimbwa ndani na kuwambwa ngozi. Maafisa wa kikoloni waliichukua mwanzoni mwa karne iliyopita, na tangu 1908 imo katika Makumbusho ya Uingereza. Haikutandazwa ukumbini wageni waione, imewekwa ghalani. Mwaka 2016 Mpokomo wa ukoo wa watawala alifika London akaonyeshwa, na wazee wa Tana wamekuwa wakidai irudishwe.

Mimi, kwa haraka ya mwalimu, nikasema hilo ndilo jambo lenyewe! Mtoto wa Tana anayesomea sanaa, kazi kubwa kuliko zote za mikono ya wazee wake iko London, na hakuna namna ya kuiona ila kwenda. Aandike barua mapema, aombe afunguliwe ghala, aipime na kuichora.

Mzee akatema tambuu. "Mwanangu," akaniambia, "ngoma ile haikuwa ya kila jicho. Hata hapa, wengi waliisikia na hawakuiona. Nani amempa ruhusa msichana akaipime?"

Nilitahayari. Nilikuwa tayari nimemtuma mtoto wa watu kwenye ghala la Waingereza nisiwaulize wenye ngoma. Tukakubaliana kuwa jambo hilo litapelekwa kwa wazee wa gasa kwanza, na wakisema la, basi ni la, hata kama mtunza ghala wa London atakuwa ameshafungua mlango. Naliandika hapa kwa sababu naona walimu wengi wanafanya kama mimi. Tunawafunza vijana adabu za kuingia makumbusho ya watu, na tunasahau kuna mlango wa kubisha hapa nyumbani.

Kuhusu binti kusafiri mbali bila maharimu, mwenyeji wangu alikuwa ameshalipeleka kwa sheikh wake. Ameambiwa yale wanavyuoni waliyohitilafiana, na ameachiwa apime mwenyewe, ikiwa kuna kundi la wasichana na mwalimu wa kike mwaminifu. Hayo ni yake na nyumba yake. Sikutia neno.

UKILI MMOJA

Baada ya Magharibi binti mwenyewe aliletwa. "Shikamoo, ami." Nikaitikia marahaba, nikamuuliza anakwenda London kutazama nini.

"Kila kitu, ami."

"Basi usiende," nikamwambia.

Uso wake ulibadilika, na nyanya yake aliyekuwa mlangoni na miaa yake alicheka hadi akakohoa. Binti akaingia ndani. Nilidhani nimemuudhi, nikaanza kutafuta maneno ya kumtuliza baba yake. Kumbe alikwenda kuchukua kitu. Alirudi na daftari na kipande cha mkeka wa nyanya yake, akakilaza chini ya taa.

Wasomaji wetu wengi wanaujua mkeka kwa kuulalia tu, basi nieleze kidogo. Ukindu hukaushwa, hupasuliwa kuwa miaa myembamba, mingine hutiwa rangi, kisha husukwa kuwa ukili, yaani ukanda mrefu wenye upana wa kiganja hivi. Kili nyingi hushonwa kando kwa kando hata pakapatikana mkeka. Nakshi husukwa ndani ya ukili, kabla ya kushonwa. Hapo ndipo penye tabu aliyonionyesha: mstari wa nyekundu unapanda vizuri ndani ya ukili mmoja, ukifika kwenye mshono unakatika, na katika ukili wa pili unaanza juu au chini ya pale ulipoishia. Nyanya yake hukisia kwa jicho, na mara nyingi hupata. Yeye binti hapati. Alitaka kujua ni wapi duniani watu wanaofuma kanda nyembamba na kuzishona wamelipatia jambo hili hesabu.

Nilikaa kimya kidogo, maana lile lilikuwa swali, na mtu mwenye swali kama lile ni wa kupelekwa. Nikamwambia habari za kente za Waasante wa Ghana. Wanaume hufuma kanda nyembamba sana, upana wake kama kiganja, na mfumaji huhesabu toka mwanzo mahali pa kila tofali la rangi, ili kanda zikishonwa matofali yapishane kama ukuta uliojengwa vyema. Kente zimo Makumbusho ya Uingereza. Mtu aliyejitayarisha aweza kuomba apewe nafasi ya kutazama nguo kwa karibu, kwa barua iliyoandikwa mapema na inayotaja kitu chenyewe.

"Nimeziona kwenye simu," akasema. "Ila wanapiga picha upande wa mbele tu. Mshono uko nyuma."

Baba yake alimtazama. Nami nikamtazama baba yake. Swali lake la mchana, kwamba kila kitu kimo ndani ya simu, lilikuwa limejibiwa na mtu mwingine, na hakuna aliyetaja.

Nyanya akauliza hao Waasante hushona kwa uzi gani. Hapana aliyejua. "Basi hilo nalo aulize," akasema, akarudi kwenye miaa yake.

Usiku tulizungumza fedha. Nilimweleza mwenyeji wangu bila kuficha: viza yaweza kukataliwa na ada yake hairudi, aulize chuo kwa maandishi ni fedha zipi zitarudishwa safari ikivunjika, aulize siku ishirini zimepangwaje, na akisikia majumba mawili kwa siku, agombe. Aombe siku tano mahali pamoja. Walimu wanaweza kukubali wazazi wakisema mapema. Mimi hakuna mzazi aliyeniuliza mwaka 2011, na laiti wangeniuliza. Kuhusu mbuzi, alisema anaweza kuuza kumi akabaki na sita, au kumkopa shemeji yake wa Garsen ambaye hapendi kukopwa. Hakuamua. Tulilala saa sita.

Alfajiri nilipanda basi la Malindi. Binti alinifuata stendi na bahasha, akaniomba niisome barua yake kwa makumbusho kabla hajaipeleka. Niliifungua tulipopita Minjila. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, kwa Kiingereza cha skuli, safi. Habari za ngoma hakuzitaja. Bado wazee hawajasema. Aliomba kuonyeshwa kente moja tu, yoyote yenye mshono usioharibika, kwa saa mbili, na aruhusiwe kuitazama upande wa nyuma. Chini yake alitaja upana wa ukili wa nyanya yake, kwa sentimita, na idadi ya miaa yake.

Nilisahihisha herufi mbili, nikairudisha jana kwa basi la asubuhi.